Gari la Familia Moja

London, 12 Februari 2024

Bi Haika,

Salaam. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa nyumbani, na kwamba kahawa haikuharibiwa na mvua. Sisi huku hatujambo. Mama yangu Gulbanu ametimiza miaka tisini na moja mwezi uliopita. Bado anaishi katika nyumba ileile ya Rayners Lane na hataki kusikia habari ya kuhama. Binti yangu Hina amejifungua mtoto wa kiume. Kiswahili changu kimeingia kutu, kwa hiyo nimemwomba karani wangu Asad, mtu wa Tanga, ainyooshe na kuichapa barua hii.

Nimestaafu rasmi kutoka kampuni niliyoianzisha ya kusimamia mitaji, na mwezi wa tisa nitauza kwa mnada magari yangu yote ya zamani, thelathini na manane. Mapato yatakwenda kwenye taasisi yangu ya hisani, hiyohiyo iliyojenga Kliniki ya Macho ya Rajabali hapo Moshi. Miongoni mwa magari hayo ni Peugeot 404 ya marehemu baba, ile aliyoshindana nayo mbio za magari za Pasaka mwaka 1967.

Wanunuzi wa magari haya wanauliza maswali mengi: lilikuwa kwa nani, lini, wapi, tangu siku ya kwanza hadi leo. Gari ambalo halikuwahi kutoka ndani ya familia moja linathaminiwa kuliko mengine yote. Nimeambatanisha tamko fupi. Linasema kwamba kuanzia 1972 hadi 2021 wewe na marehemu mama yako mlilitunza gari hilo kwa niaba ya familia ya Rajabali, mkiwa watu waaminifu mliowahi kufanya kazi nyumbani kwetu.

Tafadhali tia sahihi palipowekwa alama, ulirudishe kwa bahasha iliyomo. Natanguliza shukrani kwa utunzaji wenu.

Wako,
Zulfikar Rajabali


Moshi, 3 Aprili 2024

Kaka Zulfikar,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu wewe ni mkubwa wangu kwa miaka minne, na mama alinifundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata akikukosea. Hilo "Bi" uliloniandikia nakurudishia pamoja na tamko lako.

Hapa hatujambo. Goti langu la kushoto linaniuma ninaposhuka mteremko wa kanisani. Upepo uliangusha migomba mwezi wa pili, kahawa imenusurika. Hongera kwa mjukuu. Msalimie mama yako, kama unaweza kulitaja jina langu mbele yake.

Sitii sahihi.

Mama yangu Ndekirwa hakufanya kazi nyumbani kwenu hata siku moja. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka la baba, na hapo ndipo walipojuana. Baba alimjengea nyumba ya vyumba vitatu Kiboriloni, nikazaliwa humo. Kila Jumapili alikuja kwetu na Peugeot, nawe ukija naye. Ulikaa kiti cha mbele umefunga vioo, unasoma vitabu vyako vya picha. Mama alikupakulia mtori, mimi nikakuletea, ukashusha kioo kidogo ukapokea bakuli, ukala humohumo garini. Mara moja uliniuliza jina langu, nikakwambia. Usije ukaniambia hukujua mimi ni nani.

Mwaka 1972, serikali ilipokuwa imeshachukua jengo lake, baba alikuja peke yake asubuhi kutuaga, mnahamia London. Akampa mama ufunguo na kadi ya gari, kadi ambayo alikuwa ameshaibadilisha jina. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama mlangoni. Alisema, "Sina cha kuwaachia ila hiki. Kitawalisha." Mama hakujua hata kufungua boneti. Alijifunza kuendesha kwa fundi Deepak wa karibu na soko, akiwa mwanamke wa miaka thelathini na tatu, wanaume wakimcheka barabarani. Akafanya teksi kwa gari hilo miaka kumi na tisa. Alibeba wakunga, maharusi, mapadri, na maiti mara mbili. Kwa gari hilo nilisoma mpaka chuo cha ualimu.

Mwaka 2021 ulimtuma mtu wako Mitesh. Aliniambia Peugeot itawekwa mbele ya kliniki, watu wa Moshi waione na wamkumbuke mzee. Nilifurahi mno, nikasaidia kulisukuma hadi kwenye lori. Sikuomba senti wala sikuweka sahihi popote. Halafu mwaka jana mwalimu mwenzangu Mumbi, ambaye binti yake anaishi Peckham huko London, akanionyesha picha kwenye simu. Wewe umesimama kwenye uwanja wa majani umevaa kofia, umeshika kikombe cha ushindi, na gari la mama yangu linang'aa nyuma yako.

Na kliniki yenyewe, siku ya ufunguzi nilikuwepo. Nilisimama nje ya kamba na wananchi wengine. Tuligawiwa kijitabu chenye picha ya baba. Ukurasa wa pili umeandikwa, "Marehemu Rajabali aliacha mtoto mmoja."

Chapa kijitabu hicho upya. Andika watoto wawili. Ukishafanya hivyo, tutazungumza habari za gari.

Mdogo wako,
Haika Rajabali


London, 15 Aprili 2024

Haika,

Barua yako imefika jana. Hii naandika kwa mkono wangu, maana mambo haya si ya kusomwa na karani. Mama hajambo, mjukuu hajambo.

Unaniandikia kana kwamba mimi ni mwizi. Gari lilikuwa limelala chini ya mabati, kuku wanataga kwenye kiti cha nyuma. Mitesh alinipigia picha. Mafundi wangu wa Wembley wamelifanyia kazi miezi kumi na minane, nati kwa nati. Bila mimi lingekuwa vyuma chakavu. Na kliniki ile imeshatibu macho ya watu elfu kumi na moja. Hata mmoja wao hajauliza mzee alikuwa na watoto wangapi.

Wewe ulimjua baba wa Jumapili. Baba wa kucheka, wa kuleta halua. Mimi nilimjua aliyebaki. Huku alisimama kwenye mashine ya kiwanda cha biskuti miaka sita, mtu aliyekuwa na jengo lake la ghorofa mbili. Kisha mwaka 1978 akapooza upande wa kulia. Alikaa dirishani miaka kumi bila kutuambia neno la maana, si mimi si mama. Nilikuwa tarishi wa benki mchana, usiku nasoma, asubuhi namwogesha. Ulikuwa wapi? Ninyi mlipata gari, na mkapata siku zake nzuri. Sisi tulipata mwili wake tu. Sasa unataka na jina kwenye kijitabu.

Mama yangu bado anaishi. Hakuna mtu aliyewahi kulitaja jina la mama yako ndani ya nyumba yetu, na mimi sitakuwa wa kwanza kumfanyia zarau hiyo katika uzee wake. Na baba mwenyewe aliyamaliza. Aliwaandikia kwamba basi, kila mtu ashike njia yake. Mama yako alielewa, akanyamaza. Kwa nini wewe huwezi? Tafazali usifukue yaliyokwisha zikwa.

Kama hutaki kutia sahihi, basi usitie. Gari nitaliuza hivyohivyo.

Zulfikar


Moshi, 22 Julai 2024

Zulfikar,

Shikamoo. Hatujambo. Mvua zimekatika na watu wanachuma kahawa. Nimechelewa miezi mitatu, nami si mtu wa kuchelewesha majibu. Kuna kitu nilikuwa nakitafuta kwenye vitu vya marehemu mama, na nilipokipata sikuweza kushika kalamu.

Ni barua iliyoandikwa London mwezi wa kumi mwaka 1979. Miaka sita ya kwanza tangu mwondoke baba alituandikia kila baada ya miezi michache, kwa mwandiko wake, ule wa kulala upande kama mtama uliopigwa na upepo. Alipopooza zikaja chache za kuandikiwa na mtu. Halafu ikaja hii. Inasema mkono wake bado umepooza, mtu anamwandikia. Inasema ameamua kuishi na familia yake halali, na kwamba barua kutoka Moshi zinamletea aibu. Mstari wa mwisho: "Tafazali msiandike tena."

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Ni mimi niliyemsomea mama, kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kushindwa na maandishi ya karibu. Aliniambia nisome mara ya pili. Kisha akatoka akaenda kuwasha gari, akapeleka abiria wake.

Barua hiyo nimeiweka mezani kando ya barua yako ya Aprili. Herufi G zina mkia uleule unaorudi nyuma kama ndoana. Z imekatwa katikati kwa mstari. Na "tafazali". Baba alikuwa akiandika tafadhali, kwa "dh", katika kila barua aliyotuandikia mwenyewe. Alikuwa msomi wa Kiswahili kuliko walimu wangu. Katika barua yako ya kwanza neno hilo limeandikwa sawasawa kwa sababu aliyeichapa ni Asad.

Halafu umesema baba alituandikia kwamba basi. Habari ya barua hiyo tuliijua watu wawili tu hapa duniani, mama na mimi, na wa tatu ni aliyeiandika. Sikuitaja kwako popote.

Nakuuliza swali moja, wala sina lingine. Maneno yale ni ya baba au ni yako?

Na habari ya kuliuza hivyohivyo. Kadi ya gari ina jina la Ndekirwa, na mirathi yake imeandikwa jina langu. Mwanafunzi wangu wa zamani ni wakili hapa mjini. Ameshawaandikia watu wa mnada, amewatumia na nakala.

Haika


London, 30 Septemba 2024

Dada Haika,

Marahaba. Sikukujibu salamu hiyo mara ya kwanza.

Mnada umepita. Magari thelathini na saba yameuzwa. Peugeot iliondolewa kwenye orodha wiki mbili kabla, nikaulizwa maswali mbele ya wazamini wa taasisi yangu kama mshtakiwa. Nilikukasirikia kiasi kwamba nilichana barua tatu kabla ya hii. Bado nina hasira nawe. Lakini umeniuliza swali.

Maneno yale ni yangu.

Baba alipopooza, mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Kila alipotaka kuwaandikia aliniita jikoni, akafunga mlango, akaniambia maneno nami nikaandika. Nilikuwa na miaka ishirini. Sisi hakusema nasi, Haika. Mama akimwekea chakula, hakumtazama. Lakini jikoni, mbele ya karatasi, alikuwa mtu mwingine. Kurasa mbili nzima ni wewe: umefika darasa gani, mguu uliovunjika umepona, usipande kiti cha nyuma bila kufunga mlango vizuri. Mimi nilipata sentensi moja, "Zulfi yuko kazini." Na sentensi hiyo niliiandika mwenyewe, kwa mkono wangu.

Siku moja barua ya mama yako ilidondoka mlangoni, baba amelala. Niliisoma. Alisema umefaulu kuendelea na masomo, akamwomba baba aje hata mara moja. Niliona atakwenda. Niliona atatafuta namna, na huo mkono wake, atuache. Nikaandika ile barua kwenye meza ya kazini, wakati wa chakula cha mchana, nikaiposti kabla sijabadili mawazo.

Zambi kubwa ni iliyofuata. Baba hakujua. Aliendelea kuniita jikoni miaka tisa, mpaka alipokufa 1988. Aliniambia maneno, nikaandika kila neno, nikafunga bahasha mbele yake, nikaweka stempu. Asubuhi nilizitupa kwenye pipa la stesheni ya Rayners Lane. Na kila jioni niliporudi aliniuliza kama kuna barua ya Moshi.

Sina hata moja ya kukutumia. Nilizitupa zote.

Mama nimemwambia, wiki iliyopita. Nilifikiri nitamuua. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ulikuwa na miaka mingapi tulipoondoka. Nikamwambia kumi. Akasema kwa Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, "Kumbe hakuwa ananichukia mimi." Miaka yote ile aliamini kwamba baba amenyamaza kwa sababu yake. Akaniambia nitoke. Nimekwenda mara nne tangu siku hiyo. Hina anafunguliwa mlango, mimi sifunguliwi.

Sijui niseme nini zaidi. Nisamehe, kama unaweza.

Zulfikar


Moshi, 11 Novemba 2024

Zulfikar,

Shikamoo. Mvua za vuli zimeanza. Goti limezidi, sasa natembea na fimbo.

Siwezi. Nakwambia mapema ili usikae ukisubiri.

Mama yangu alikufa mwaka 1996. Tangu siku ile ya barua hakulitaja jina la baba ila kwa kumlaani. Wanaume watatu walimposa, watu wazuri, akawakataa. Alisema mwanamume akikuacha mara moja anakuachia elimu. Siku ya harusi yangu nilitaka kulitaja jina la baba madhabahuni, akanishika mkono akaniambia nikilitaja yeye atatoka. Nikalimeza. Alikufa akimlaani mtu ambaye hakumkosea. Nilikuwa nimekaa kando ya kitanda chake, nikamwitikia. Mimi, Zulfikar. Nilimlaani baba yangu pamoja naye, na saa hizohizo wewe ulikuwa ukinunua magari.

Unasema uliogopa kuachwa. Sawa, ulikuwa kijana. Lakini ulipofika miaka thelathini? Arobaini? Ulipokuja Moshi na ndege kukata utepe, ukapita mita ishirini kutoka niliposimama? Hofu ya kijana haidumu miaka arobaini na mitano. Hayo mengine ni uchoyo, na kliniki haiufuti hata ingetibu macho ya nchi nzima.

Wiki jana nilikwenda huko kliniki. Palikuwa na mkutano wa mwaka, mkuu wa wilaya yupo. Walipouliza kama kuna mwenye neno, nilisimama na fimbo yangu nikasema, "Naitwa Haika Rajabali. Mimi ni mtoto wa pili wa mzee huyu mnayemwona ukutani." Kisha bibi mmoja aliyekaa mbele, mwenye bandeji jichoni, akageuka akasema ananikumbuka, mama yangu alimpeleka kujifungua na Peugeot nyeupe hakumtoza kitu. Nilikaa chini nikalia mbele ya mkuu wa wilaya, mwanamke mzima.

Kwa hiyo kijitabu ukichape, usikichape, Moshi wameshajua. Ila utakichapa. Na gari utalirudisha, kwa meli, mpaka mlangoni kwangu.

La mwisho ni hili. Ulikuwa mkono wa baba. Umesema uliandika kila neno. Basi kaa chini uziandike tena barua zile, moja moja, kadiri unavyozikumbuka. Usipambe. Usiongeze neno la kunifurahisha wala la kujitetea. Pale uliposahau, acha nafasi tupu. Samahani yako sina pa kuiweka. Barua hizo ni zangu, nami nazitaka.

Haika


London, 19 Januari 2025

Dada Haika,

Marahaba. Baridi imebana, barafu mpaka kwenye reli. Hina na mtoto hawajambo. Mama bado hajanifungulia mlango. Peugeot imepakiwa melini tarehe sita, itafika Tanga mwezi wa tatu, na Mitesh ataipokea mwenyewe. Vijitabu vipya vimechapwa, boksi moja liko njiani kwako.

Nimekaa na karatasi wiki saba. Nilizani nimesahau zote. Nakumbuka kumi na moja, nyingine nusunusu. Hii ni ya kwanza niliyoitupa, ya Januari 1980. Nimeandika kama alivyosema.

"Kwa mwanangu Haika na mama yako. Salaam nyingi. Mimi mzima, ila mkono bado. Theluji imeanguka siku tatu, imefunika magari yote ya mtaa huu mpaka huwezi kujua lipi ni la nani. Zulfi yuko kazini. Nimeota niko Kiboriloni nasikia injini inagonga. Mwambieni Deepak atazame vali kabla hazijaharibu kitu, na asidanganye kwamba ametazama. Haika, mama yako anasema unapenda hesabu. Ulizipata kwangu. Yeye hesabu zake ni za vitambaa tu, lakini hakosei. ................ Ni miezi mitano sijapata barua yenu. Kama nimewakosea, niambieni nilipokosea. Nikijua, nitarekebisha. Baba yako, Rajabali."

Pale penye nukta alisema jambo refu kuhusu mama yako. Silikumbuki. Nimejaribu.

Alipomaliza aliniomba nimsomee. Nikamsomea yote. Akafunga macho akisikiliza, akauliza kama nimeandika sawasawa na alivyosema. Nikamwambia ndiyo, baba. Akaniambia nisiiache mpaka mchana, niiposti asubuhi nikienda kazini, maana ndege ya Dar huondoka Alhamisi.

Zulfikar